Tupeane uzoefu: juisi ya harusi ya watu mia nne, isichache

Mama wa Mtoni

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mtoto wa dada yangu anaolewa Mfunguo Mosi hii inshallah, na juisi nimebebeshwa mie. Wageni mia nne. Nimefungua uzi huu tupeane uzoefu, na naanza na yangu ili nisije na mikono mitupu.

Ramadhani mie najulikana kwa tangawizi ya nanasi. Napika lita tano, tarawehe haijasaliwa imeshakwisha. Mwaka juzi jirani akaniomba niifanye hiyo hiyo kwa walima wake. Nikapiga hesabu ya lita tano mara kumi na mbili, nikaona nshamaliza. Alkhamisi usiku nikachemsha tangawizi na mdalasini katika masufuria mawili ya pilau, nikasaga mananasi mabichi nikayatia, sukari nikaitia humohumo, nikajaza madumu matatu ya lita 20 mpaka shingoni, nikakaza vifuniko, nikayapanga ndani ya friza tuliloazima. Walima ulikuwa Jumamosi mchana.

Jumamosi saa tatu asubuhi nafungua friza, dumu la kati limevimba limekuwa duara. Ubavuni barafu imeshika, ukibonyeza katikati unasikia mna majimaji. Nikalegeza kifuniko, likapiga mluzi, povu likaniruka mpaka kwenye mtandio. Harufu yake si ya kitu kilichooza. Ilikuwa ya tembo la mnazi. Mama wa bwana harusi akaja akanusa, hakusema neno, akashika dumu upande wa pili tukaenda tukalimwaga uwani. Mengine mawili nayo hivyo hivyo. Lita 60, na kilo 7 za sukari ya watu. Vijana wakatumwa mbio dukani kuleta soda.

Niambieni nyie mnaopikia harusi: mnapika nini, mnaanza lini, na mnapoza vipi?

Mpishi wa Jang'ombe

Wa alaykum salaam shoga, na pole sana. Mie natwaa tenda za harusi mwaka wa kumi na tano huu. Tangawizi yako haina kosa. Kosa ni kudhani sufuria kubwa ni sufuria dogo lililoongezwa maji. Lita tano ukiziepua ishaa, ukilala zishapoa. Lita 60 zinakesha na joto lake mpaka alfajiri, na ukishazitia nanasi bichi na sukari hapo ndipo zinapoanza kuumuka. Friza haliwezi kukuokoa, maana linagandisha pembeni kwanza na kati kunachelewa kupoa.

Mie siku hizi sipiki juisi kabla ya siku, napika kiini. Siku tatu kabla nachemsha tangawizi nzito, kilo moja kwa lita mbili na nusu za maji, bila sukari na bila tunda. Naimimina kwenye masinia na mabeseni mapana, kina kisizidi vidole vinne, na feni juu yake. Ikipoa kabisa naitia katika mifuko ya lita moja moja, nailaza bapa kwenye friza. Mfuko bapa unaganda upesi kila upande. Siku ya harusi mfuko mmoja unachukua maji mpaka lita nne. Sukari naifanya shira mbali, na nanasi linasagwa asubuhi ile ile, limemenywa vizuri, macho yote yametolewa.

Kwa watu mia nne hesabu bilauri mbili mbili za robo lita, jumla lita 200. Usiziweke zote za aina moja. Lita 100 ziwe ukwaju, kilo moja ya ukwaju wenye kokwa inakupa lita nane, kwa hiyo kilo 13 zinatosha. Ukwaju una ukali wake wa asili, unastahamili joto kuliko nanasi. Sukari ya zote mie hununua kilo 20, nikatia 17 kwanza, zilizobaki naziweka karibu. Barafu likiyeyuka juisi inapungua utamu, hapo ndipo unapoongeza.

Mtu wa Wete

Nyie watu wa Unguja mnasahau mabungo! Harusi yangu mie, Pemba, bila ya mabungo bibi yangu angesema hakukufanywa kitu. Tulipata mapakacha sita. Kina mama walikaa ukumbini kwenye mkeka tangu asubuhi, kila mmoja na jiwe lake, wanagonga ganda linapasuka, vidole vinaingia vinatoka na zile kokwa zilizovaa nyama ya rangi ya chungwa. Nyama ile imeng'ang'ania kokwa, haitoki kwa kulazimishwa. Walimimina maji ya moto, wakatia sukari kidogo, wakaziacha zilainike, ndipo wakavuruga kwa mkono pole pole.

Hapo ndipo mie nilipoharibu. Niliona wanachelewa nikachukua jagi moja nikalitia kwenye blenda nikaiwasha kwa nguvu. Kokwa zikavunjika, juisi yote ya jagi lile ikawa na uchungu wa kukwangua koo. Shangazi akaionja, akaitoa pembeni isichanganywe na nyingine. Mkitumia blenda ibonyezeni mara moja mara moja tu, iguse iache, kisha muikamue kwenye kifumbu kipya kisichowahi kukamua nazi.

Na msimu wake ukishapita huyapati, kwa hiyo harusi zetu nyingine tunaishia kwenye ukwaju na ndimu.

Fundi wa Kisiwandui

Nyongeza fupi kwenye ukwaju. Msiulaze kwenye sufuria la alminiamu. Sisi tuliuroweka usiku kucha, asubuhi sufuria limeng'ara ndani kama jipya na juisi ina ladha ya chuma. Ukali wa ukwaju unaila alminiamu. Ndoo ya plastiki ya chakula, au chuma kisichoshika kutu, basi.

Maalim wa chuoni

Mama wa Mtoni, ulichokifanya wewe na mama mwenzio ndicho. Mlimwaga, na Mwenyezi Mungu atakulipeni.

Watu huniuliza sana hili Mfunguo Mosi ikikaribia, kwa hiyo niliseme. Kuroweka matunda na kunywa maji yake si jambo geni katika dini yetu. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, kasimulia kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni yake, na kikibaki baada ya hapo kinamwagwa. Hiyo ndiyo nabidhi. Lakini msizishike siku tatu mkaacha kutazama chombo. Zabibu kavu ndani ya maji si sawa na nanasi bichi na sukari ndani ya dumu lililofungwa kwenye joto letu. Kinywaji kikianza kutoa povu na kuchemka chenyewe bila ya moto, kiacheni, hata kama kina siku moja.

Na nimeona vijana wanatia hamira kwenye tangawizi ili ipate gesi kama ya dukani. Hamira inakula sukari inatoa gesi, na pamoja na gesi inatoa ulevi. Mwenye kutaka gesi na achanganye kiini na maji ya soda wakati wa kunywa.

Mzanzibari wa Leicester

Asalaam alaykum. Niruhusuni niseme kitu kinachotoka mbali kidogo. Jirani yangu hapa Uingereza alipika bia nyumbani kwa ajili ya harusi ya binti yake. Hapa tangu 1963 mtu haombi leseni kupika bia ya kunywa nyumbani kwake, kwa hiyo wengi wanafanya. Mie sinywi na yeye anajua, lakini alinialika niangalie kwa sababu nilimuuliza habari za tangawizi ya kwetu.

Ndoo yake ni ya lita 23. Alipika ndoo sita, moja moja, wala hakutafuta pipa moja kubwa. Kila ndoo ilikaa wiki mbili kwenye nyuzijoto 18 mpaka 20 hamira ifanye kazi, kisha chupani wiki mbili nyingine. Yaani yeye anataka kile ambacho sisi tunakikimbia. Lakini nusu ya kazi yake ilikuwa kuosha. Ndoo, mpira, mwiko, vifuniko, kila kitu kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kisha kinapitishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Aliniambia hamira ya porini iko kila pahala, kwenye maganda ya matunda na kwenye mkono wako, na yeye haitaki, anataka ile aliyoinunua tu. Na akishachemsha, sufuria zima analitumbukiza kwenye beseni la barafu, dakika thelathini lishapoa, kwa sababu anasema kipindi cha vuguvugu ndicho kila mdudu anachokipenda.

Nilimpigia mama simu usiku ule ule nikamwambia aoshe madumu kwa maji ya moto na tangawizi aipoze kwa barafu la nje. Eid iliyofuata tangawizi yake ilikaa siku mbili haijabadilika.

Nesi wa Chake

Hilo la barafu la nje nalitilia mkazo. Barafu la mabonge mnalolinunua wanakohifadhia samaki libaki nje ya dumu, lisiingie ndani ya juisi hata kipande. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu, vinalala tu vikingoja. Mie nilikuwa zamu 2016, na sitasahau familia moja iliyoingia watu saba kwa usiku mmoja, wote walitoka shughulini. Maji ya juisi yachemshwe au yatiwe vidonge vya kusafishia maji, na mngoje nusu saa. Barafu la kutia ndani ligandisheni wenyewe kwa maji hayo hayo. Na atakayeshika barafu kwa mikono, mikono hiyo iwe imeoshwa kwa sabuni.

Bi Mkubwa wa Malindi

Wanangu nimesoma yote. Mnazungumza friza na feni. Mie nilimuoza mjukuu wangu Februari 2010, mnakumbuka nyie mlio wakubwa, waya wa baharini uliharibika Disemba na umeme Unguja haukurudi mpaka Machi. Friza zote zilikuwa makabati.

Hatukupika usiku. Tuliamka saa tisa, maji ya kuchemshwa tangu jana yako kwenye mitungi ya udongo iliyofukizwa ubani, na mitungi tumeivalisha magunia tunayarowesha kila mara, upepo unayapiga. Ukwaju tulishauroweka, tukaukamua alfajiri, tukatia ndimu na hiliki. Saa tano asubuhi juisi tayari, saa saba watu wanakunywa. Haikuwa na baridi ya kuuma meno, ilikuwa na ubaridi wa mtungi. Wazee waliomba bilauri ya pili kwa sababu ya ile harufu ya ubani.

Mama wa Mtoni, mwanangu, usiipike kabla. Watafute wasichana wanane waamke nawe.

Mama wa Mtoni

Nimerudi ndugu zangu. Harusi ilikuwa jana.

Nilifanya kama alivyosema Mpishi wa Jang'ombe na Bi Mkubwa kwa pamoja. Kiini cha tangawizi Jumatano, mifuko ishirini bapa. Ukwaju kilo 13 kwenye ndoo za plastiki. Wasichana tisa waliamka saa tisa, mmoja zaidi ya ulivyoagiza bibi yangu. Madumu yaliogeshwa maji ya moto, na barafu la samaki tulilipanga ndani ya boti ndogo ya shemegi yangu, tukayasimamisha madumu humo, tukafunika kwa makuti. Nilijaza kila dumu nikiacha nafasi ya kiganja juu.

Saa nne asubuhi nilifungua dumu la kwanza nikasogeza sikio kwanza, mkono unatetemeka. Kimya. Nikamiminia kidogo kwenye kifuniko, nikaonja. Tangawizi tupu.

Zilibaki lita 30 za ukwaju. Kabla ya magharibi tuliwapelekea watoto wa chuoni na waliokuwa wakisugua masufuria, ikaisha yote.