Mrejesho: kati ya Marioo na Zuchu, nianze na ipi?

Wakuu, niliuliza nianze na albamu ipi ya Bongo Fleva, The God Son ya Marioo au Peace and Money ya Zuchu, zote za mwishoni mwa 2024. Wengi mlisema Marioo, nikatii. Nimeisikiliza kwenye daladala ya Mbagala, earphone masikioni, na aisee jamaa anajua! Sauti yake ya kulalamika inakaa vizuri juu ya ule mdundo wa amapiano. Zuchu naye yumo, ila nyimbo zake zinanikolea nikiwa jikoni zaidi, sijui kwa nini.

Anayenichosha ni Diamond. Albamu yake kamili ya mwisho ni A Boy from Tandale, 2018! FOA (First of All) ya 2022 ilikuwa EP tu, yaani nyimbo chache, si albamu kamili. Singo zinatosha sasa, Diamond, Simba wetu, tupe albamu.