Naomba ushauri: "alitawa" bado linaeleweka?

Habari zenu ndugu zangu. Nahariri hadithi ya Lamu ya zamani. Binti wa kiungwana hatoki ila usiku, kajitanda gubigubi. Mwandishi kasema "alitawa", na kwa pwani ni sahihi kabisa: kutawa ni kukaa ndani kwa staha, kutawisha ni kumweka mtu hivyo. Ila msomaji wa bara huenda akamfikiria mtawa, sista au bruda, kama Wabenediktini wa Peramiho, ambao wala hawajifungii, wana hospitali.

Nimejaribu "alifungiwa ndani", ikawa kifungo. "Mpweke" inaleta huzuni isiyokuwepo. "Aliwekwa ndani" inampeleka msomaji kwenye unyago.

Je, kwenu "alitawa" linaeleweka bila tanbihi? Na "alitawa nyumbani" inatosha kuondoa utata? Natamani sana neno libaki.