Baba yangu mzima katangazwa kafa kwenye grupu la mtaa, nimebisha nikaambiwa "tusubiri familia". MIMI NDIYO FAMILIA!!!

Wakuu nianzie wapi, naandika hapa mkono unatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Jamaa mnamjua. Simtaji na sina haja, ukisema tu "yule admini" hata paka wa uchochoroni anageuza shingo. Yule anayetangaza maji yamekatika wakati bomba lenyewe bado halijapata taarifa. Yule umeme ukirudi anaandika UMERUDI kwa herufi kubwa kama vile kaubeba mgongoni yeye. Sawa, tumemvumilia. Lakini leo kamuua baba yangu.

Niko kazini, tuko kwenye kikao, simu nimeilaza kifudifudi mezani. Ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka mpaka ikatembea yenyewe ikafika kwa bosi. Naichukua nakuta simu 31 sijapokea, na meseji ya kwanza inasema "pole mdogo wangu, kazi ya Mungu haina makosa", ya pili "jikaze, mzee kapumzika". Mzee yupi?? Nafungua grupu la mtaa nakutana na picha ya baba yangu. Nyeusi na nyeupe. Mshumaa kulia, mshumaa kushoto, njiwa wawili wanaruka juu ya upara wake, chini kimeandikwa TANZIA.

Na ile picha naijua! Kaikata kwenye picha ya harusi ya mdogo wangu niliyoweka statasi mwenyewe mwezi uliopita. Hata kukata hajui, bega langu limebaki pale pembeni na nusu ya mkufu. Yaani mzee kafa na bega langu.

Nimetoka pale nalia, ngazi za ofisini sijui nilizishukaje. Nafika getini watu wameshajaa. Jirani wa juu kajitwika viti vinne vya plastiki, mama mmoja ambaye hatujasalimiana tangu ule ugomvi wa takataka anagaragara chini analia kunizidi mimi mwenye baba. Nikawapita nikaingia ndani. Baba kakaa kwenye kiti chake cha dirishani, mguu mmoja kaupandisha juu ya ndoo, anakata kucha, redio kaifungulia mpaka mwisho wala hasikii yanayoendelea nje. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Mbona mapema, umefukuzwa?"

Nilimkumbatia mpaka kikata kucha kikadondoka.

Sasa hapo ningesema basi, mtu kakosea, yameisha. Nikaingia grupuni kwa adabu zote nikaandika "Ndugu majirani, baba ni mzima, niko naye hapa". Mnajua yule kiumbe kanijibu nini? "Tunaomba utulivu. Tusubiri uthibitisho kutoka kwa familia."

Kutoka kwa familia!! Nimetoka tumbo gani mimi? Nimebeba jina la nani?

Nikampiga baba picha kashika kikata kucha, nikaituma. Akasema inaweza kuwa ya zamani. Baba akaninyang'anya simu akarekodi voisi mwenyewe, akakohoa kwanza, "Hapa naongea mimi, sijafa, na hivyo viti rudisheni." Akajibu eti siku hizi sauti zinatengenezwa na akili bandia, wanachama wawe makini na matapeli. Baba yangu kawa tapeli wa kifo chake mwenyewe! Halafu akafunga grupu, admini tu ndiyo wanaandika. Halafu akanitoa. Nimetolewa kwenye grupu la mtaa niliozaliwa kwa kosa la kusema baba yangu anapumua.

Na chanzo chote ni ambulansi. Ilikuja kumchukua mama mjamzito nyumba ya nyuma, uchochoro ule haipiti, ikasimama getini kwetu dakika kumi. Yeye kaiona toka dirishani kwake, na baba alikuwa na mafua hajatoka nje siku mbili, basi akajumlisha mwenyewe akapata maiti. Mtu kaenda KUZALIWA pale, yeye kaandika tanzia!

Shangazi yangu yuko nchi nyingine kabisa, kaipata kwa watu tusiowajua hata kwa sura, na imemfikia na ile mishale miwili ya kufowadiwa mara nyingi, maana yake ilishapita mikono mitano au zaidi. WhatsApp tangu 2019 waliweka mwisho wa kufowadi kwenye chati tano kwa mpigo ili uongo usikimbie sana. Huku kwetu mpigo mmoja ulitosha kuvuka mpaka. Shangazi presha imepanda, amelazwa kwenye kochi anapepewa.

Tusubiri uthibitisho kutoka kwa familia. Naosha vyombo naisikia. Nafumba macho naiona. Mpaka naandika hapa ile picha bado ipo, na bega langu lipo, hajafuta wala hajaomba radhi. Niambieni nifanye nini kabla sijaenda kumgongea mlango.

---

Mdau_wa_Kona: Pole sana dada. Kila mtaa unaye wa namna hiyo. Wetu alitangaza mwizi kakamatwa, kuangalia picha ni fundi bomba niliyemwita mimi, kashika spana mkononi. Fundi alipoiona hajarudi tena, na bomba linavuja mpaka leo.

Ghorofa_ya_Nne: Mleta uzi punguza jazba. Nyie ndiyo mkichelewa kuambiwa kitu mnasema admini kalala, akiwahi mnasema kaua. Na nani alikutuma umwanike mzee statasi? Halafu hilo bega umelitaja mara tatu, liweke basi tulione.

Mleta uzi: Bega siyo hoja! Hoja ni kuambiwa nisubiri familia wakati huyo marehemu nimemshika mkono! Wa moto! Ananiuliza chakula kitaiva saa ngapi!

Ghorofa_ya_Nne: Wa moto inaweza kuwa homa.

Mleta uzi: Wewe ni yeye? Sema ukweli. Wewe ni yeye umefungua akaunti nyingine.

Fundi_Simu: Dada asikudanganye kwamba haifutiki. Hiyo kufuta kwa wote ilipoanza 2017 ulikuwa na dakika 7 tu, 2018 wakaifikisha kama saa moja hivi, tangu Agosti 2022 unapewa siku mbili na ushee. Admini anaweza hata kufuta meseji ya mtu mwingine kwenye grupu lake, achilia mbali yake mwenyewe. Kwa hiyo picha ipo kwa sababu anataka iwepo. Ila muwahi, siku hizo zikipita ndiyo basi, kila mtu atabaki nayo kwenye simu yake labda ajifutie mwenyewe.

Mleta uzi: Kumbe ANAWEZA. Nashukuru mkuu. Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma kidogo, huruma imeisha.

Msomaji_Kimya: Haijaanza leo hiyo. Mwaka 1897 yule mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alikuwa London, zikavuma habari kwao kwamba yuko mahututi, wengine wakasema ameshafariki, kumbe aliyeumwa ni binamu yake. Gazeti la New York Journal ikabidi limtafute mwenyewe kumuuliza. Akaishi mpaka 1910. Tofauti ni kwamba yeye aliposema yuko hai walimwamini, hawakumwambia asubiri familia.

Mdau_wa_Kona: Hahahaaa aisee. Hawakumtoa grupuni.

Mama_wa_Barazani: Ngojeni kwanza, mzee ni MZIMA? Mimi ndiye niliyekuwa nagaragara pale getini. Nimelia mpaka sauti imekauka, na mchango nimeshatoa. Nani ananirudishia?

Mleta uzi: Mama samahani, MCHANGO GANI???

Mama_wa_Barazani: Namba iliwekwa pale chini ya picha toka asubuhi mwanangu. Ukituma linatokea jina lake yeye admini. Ameandika "kwa niaba ya familia".

Mleta uzi: KWA NIABA YANGU?? Nimeambiwa nisubiri familia, kumbe familia ni yeye!! Jamani nimetolewa sioni kitu, mwenye skrinshoti aniwekee hapa. Baba kasikia habari ya mchango kasimama, anatafuta viatu.

Baba_Mpya: Samahani naingilia. Mimi ndiye mume wa yule mama wa kwenye ambulansi. Tumepata mtoto wa kiume salama salimini, mama yake anaendelea vizuri. Grupu limefungwa nikamwomba admini atutangazie, kanijibu siyo muda muafaka, mtaa uko kwenye majonzi. Majonzi gani sasa kama mzee mzima? Nimesubiri huyu mtoto miaka sita. Toka asubuhi hakuna hata mmoja aliyenipa hongera, wote mnaulizana mazishi lini.

Mama_wa_Barazani: Hongera mwanangu!! Mtoto wa watu kaja duniani kapokelewa na tanzia ya jirani. Nitapita jioni kumwona.

Mdau_wa_Kona: Hongera mkuu. Mpe jina la mzee.

Taa_ya_Kona: Maadam mmegusa michango na mimi nisikilizwe. Ile ya taa ya barabarani iliishia wapi? Tulichanga nyumba zote, taa ikawaka siku mbili ikazima, tukaambiwa kifaa kimeagizwa. Binti yangu akitoka masomo ya jioni inabidi nikamsubiri kona na tochi mdomoni kwa sababu mkono mmoja nimeshika mwamvuli. Kifaa gani hicho, kinakuja kwa miguu?

Ghorofa_ya_Nne: Taa ilivunjwa na watoto wenu kwa manati. Uliza nyumbani kwako kwanza.

Taa_ya_Kona: Mtoto wangu hana manati. Mtoto wako wewe ndiye anatupa maganda toka dirishani yananidondokea kwenye nguo nilizoanika.

Silali_Usiku: Nyie mna taa na maganda, mimi nina mbwa wa jirani. Saa nane usiku kila siku ya Mungu anaanza, anapumzika dakika tano, anaanza upya. Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya mwaka 2009 walishauri kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Nimempima yule mbwa kwa programu ya simu, nikiwa kitandani, dirisha nimefunga, kichwa kiko chini ya mto, namba ikapita 60. Nimeenda kwa mwenye mbwa na simu yangu kumwonyesha, akaniambia nimpime na mke wangu.

Mwenye_Mbwa: Umeamua kunileta huku. Sawa tuseme yote. Mbwa wangu habweki hovyo, anabweka mtu akipita dirishani, na anayepita dirishani saa nane usiku ni wewe unarudi. Yuko kazini.

Silali_Usiku: Mimi nafanya zamu ya usiku!!

Mwenye_Mbwa: Na yeye pia.

Mleta uzi: Jamani narudi kwenye mada. Baba ameshavaa kiatu kimoja, anasema anaenda kuonana ana kwa ana na aliyemzika. Nimuache aende au nimzuie? Ana mafua na nje kuna baridi.

Taa_ya_Kona: Mwenye mbwa, ndiyo wewe uliyeegesha ile gari nyeupe mbele ya geti langu wiki nzima?

Mwenye_Mbwa: Haijaegeshwa, imeharibika. Kuna tofauti.

Taa_ya_Kona: Kwangu mimi hakuna tofauti! Natoka kwa kupita kiubavubavu kama kaa! Mama mkwe wangu alikuja akashindwa kuingia akarudi kwake, na sasa ndiyo anasema nilimfungia makusudi.

Fundi_Simu: Hiyo gari naijua, ni betri tu. Jumamosi naweza kupita.

Mwenye_Mbwa: Njoo, ila leta na ile ngazi, dirisha la juu halifungi.

Fundi_Simu: Ngazi siyo yangu, nilimrudishia mwenyewe.

Mzee_wa_Ngazi: Hukurudisha. Afadhali imetajwa, maana nimekaa kimya muda mrefu. Ngazi ya alumini, hatua saba, hatua ya tatu nimeifunga utepe mwekundu. Imetoka kwangu tukiwa tunachanga hela za hiyo taa, na haijarudi mpaka leo. Nimepaka rangi nyumba nzima nikiwa juu ya stuli, ukitazama ukuta wangu rangi inaishia pale mkono ulipofika.

Mleta uzi: BABA AMETOKA. Kapita na kikata kucha mkononi. Kuna mtu yuko karibu na kwa admini aangalie?

Ghorofa_ya_Nne: Mzee wa ngazi, iko kwangu. Nilipewa na fundi, sikujua ni yako. Nakuletea kesho. Ila hiyo hatua ya tatu ilikuwa imeshavunjika nilivyoichukua.

Mzee_wa_Ngazi: Haikuwa imevunjika.

Fundi_Simu: Mimi nilipoitoa ilikuwa nzima.

Ghorofa_ya_Nne: Utepe ule uliuweka wa nini kama ilikuwa nzima?

Mzee_wa_Ngazi: Wa kuitambua!!!