Toyota 86 kwenye theluji ya Minnesota: ninunue rimu na tairi za winta au niache tu?

MbeyaBoy612:
Habari za majukumu wakuu, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga na hela yangu.

Nimepiga shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee miaka mitatu mfululizo, mwezi wa sita nikasema basi na mimi nionje, nikachukua Toyota 86 ya 2017, kile kigari cha spoti, mtumba lakini safi, nyekundu, gia za kukanyaga klachi, inasukumwa na tairi za nyuma. Kiangazi chote nimekula raha, sitaki kudanganya. Sasa Oktoba inaisha, hapa Minneapolis asubuhi tunaamkia nyuzi 2 nyuzi 1, na hii ndo winta yangu ya kwanza nikiwa na gari, huko nyuma nilikuwa mtu wa basi na treni.

Jamaa mmoja kazini kaniambia ninunue seti nzima ya pili, rimu nne na tairi nne za theluji. Nimepiga hesabu, tairi kama dola 130 moja, rimu 80 moja, inakuja 840 bado ufundi. Wakuu hayo ni mabati ya nyumba yangu Uyole. Muuza gari aliniambia ina tairi za misimu yote, sasa kwa nini nisitulie nazo niendeshe taratibu? Au ninunue tairi tu bila rimu? Kazini ni maili 14, natoka shifti saa 12 asubuhi. Nisaidieni.

Mjomba_BrooklynPark:
Kijana, mimi nimetoka Kisii nikaja hapa 2004 na sijawahi nunua tairi ya snow hata siku moja. Nina Camry, iko na tairi za misimu yote, na ukiangalia barabarani watu wengi hapa wanafanya vile vile. Malori ya kusukuma snow yanapita usiku yakimwaga chumvi, ukiamka highway iko nyeusi. Hiyo pesa peleka nyumbani. Endesha pole pole, wacha nafasi mbele yako, na usifunge breki kama mtu ameona nyoka. Ni hayo tu.

kipupwe_YYC:
Shikamoo Mjomba. Kwa heshima zote, Camry na 86 ni wanyama wawili tofauti. Camry inavutwa na mbele na injini yote imekalia tairi zinazovuta, 86 inasukumwa na nyuma na nyuma kwenyewe ni kwepesi, ukigusa mafuta kidogo kwenye barafu mkia unataka kukupita. Niko Calgary mwaka wa tisa, nimeyaona.

MbeyaBoy kabla hatujaenda mbali, shuka chini ukasome ubavu wa tairi. Usimsikilize muuza gari, soma tairi lenyewe. Tafuta herufi M+S (yaani matope na theluji), halafu tafuta kipicha cha mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake. Andika hapa jina la tairi na zile namba nne za mwisho baada ya DOT, ndo wiki na mwaka lilipotengenezwa.

MbeyaBoy612:
Nimeshuka na tochi ya simu, jirani kanichungulia dirishani kadhani naiba rimu. Zote nne ni Michelin Primacy HP 215/45R17. M+S hakuna. Mlima hakuna. Mwisho wa DOT ni 2216.

kipupwe_YYC:
Haya sasa, hizo ni tairi za kiangazi mkuu, tena ndo zilezile ilizotoka nazo kiwandani, wiki ya 22 mwaka 2016. Umepigwa.

Tairi la kiangazi limepikwa kwa mpira wa kufanya kazi kwenye joto. Ukishuka chini ya nyuzi 7 hivi linaanza kukakamaa, na huko kwenu zikija zile asubuhi za hasi 20 linakuwa kama ndala iliyosahaulika kwenye friza. Halishiki hata lami kavu, barafu usiiguse kabisa. Kwa hiyo ushauri wa kuendesha taratibu ni mzuri kwa mwenye tairi za misimu yote, wewe hata hizo huna. Na cha kuchekesha ni kwamba hizo Primacy HP ni ukoo mmoja na zilizokuwa zinafungwa kwenye Prius, Toyota na Subaru waliziweka makusudi ili gari iteleze kirahisi dereva afurahi bila kukimbia sana.

DogoWaTemeke:
Kwa hiyo Wajapani wametengeneza gari iteleze makusudi na mtu akatoa hela yake akanunua?? Sisi hapa Jangwani mvua ikipiga tunateleza bure na hakuna anayetushukuru 😂😂

Dada_Munich:
Dogo nyamaza kidogo wakubwa waongee 😅

MbeyaBoy, kwenu Minnesota sheria haikulazimishi, huku Ujerumani hatuna mjadala, barabara ikiwa na theluji au barafu unatakiwa uwe na tairi za winta, na kuanzia Oktoba 2024 yanayokubalika ni yale yenye kile kipicha cha mlima tu, M+S peke yake haitoshi tena. Ukikamatwa ni euro 60 na pointi moja kwenye leseni. Wenyeji wana msemo wao, kuanzia O hadi O, yaani Oktoba mpaka Pasaka, neno lao la Pasaka nalo linaanza na O. Kule Quebec ndo kabisa, Desemba mosi mpaka Machi 15 ni lazima, kuwe na theluji kusiwe na theluji.

Mimi nina Mazda MX-5, nayo inasukumwa na nyuma, na nikupe kisa changu ili kisikukute. Mwaka wa kwanza nilijifanya mjanja nikanunua tairi mbili tu za winta nikafunga nyuma, nikajiambia si ndo zinazosukuma. Kuondoka inaondoka vizuri mno. Nikafika kwenye mzunguko karibu na nyumbani, theluji imelala kidogo tu, nakata usukani kulia gari inaenda moja kwa moja kama haijasikia, tairi za mbele za kiangazi hazikushika chochote, nikapanda ukingo nikapinda rimu na mkono wa chini wa saspensheni. Bili ya gereji ilizidi bei ya zile tairi mbili nilizokuwa nabana. Ukifunga mbili mbele tu ndo mbaya zaidi, ukigusa breki kwenye kona nyuma inakuja kukusalimia. Zote nne au acha gari nyumbani.

Bonge_Fundi_StPaul:
Nafanya kazi gereji hapa St. Paul kwa hiyo nimesoma huu uzi nikicheka peke yangu. Ngoja niongelee rimu maana hapo ndo swali lilipo, tairi limeshajibiwa.

Ukinunua tairi tu bila rimu, kila Novemba unaleta gari tuvue za kiangazi tufunge za winta tufanye na balansi, kila Aprili tunarudia kinyumenyume. Gereji nyingi hapa huwezi kutoka chini ya dola 100 kwa mkupuo. Mara mbili kwa mwaka ni 200, yaani winta ya pili ikiisha umeshalipa bei ya rimu, halafu kila tukivua tairi kwenye rimu ule ukingo wa ndani unateseka. Ukiwa na seti ya pili unabadilisha mwenyewe uani kwa jeki na wilisipana, nusu saa umemaliza. Na chumvi ya hapa inakula rimu, zile zako nzuri za kiwandani zikipita winta tatu utazikana.

Shuka uende rimu za inchi 16, tairi 205/55R16. Kipenyo kinakaribia sana cha zako kwa hiyo spidomita haitadanganya sana, tairi ni jembamba kidogo linakata theluji kufika chini badala ya kuelea juu yake, na ubavu wake ni mnene, Machi barafu ikiyeyuka mashimo yakifunuka utanikumbuka. Tena inchi 16 ni bei rahisi kuliko 17.

Siri ya kubana hela: gari yako ina nati tano kipimo cha 5x100, yaani zimepangwa kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati milimita 56.1, sawasawa na Subaru Impreza za kawaida, maana hiyo 86 ni ndugu wa Subaru tumbo moja. Hapa Impreza zimejaa kama bajaji Mbagala, rimu zake za mtumba utapata kwa bei ya kuongea. Ila usije ukauziwa za STI, ile Impreza ya kukimbia, ya kuanzia 2005, hizo ni 5x114.3 hazitaingia. Na kabla hujafunga tairi, jaribu rimu tupu kwenye gurudumu la mbele uzungushe uone haigusi kalipa, lile dude linalobana diski ya breki. Kama gari yako ina breki kubwa za Brembo sahau inchi 16.

Mengine haraka haraka. Nati kaza kwa tochi renchi (spana yenye kipimo cha nguvu) futi-paundi 89, usikaze kwa hasira, halafu ukishatembea maili 50 hivi rudia kukaza. Upepo unapungua kama psi moja kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, kwa hiyo pima mara kwa mara, na asubuhi taa ya upepo ikiwaka usidhani gari imelogwa. Rimu mpya zisipokuwa na sensa za upepo taa itawaka winta nzima, Minnesota hawakagui gari kwa hiyo ni macho yako tu yatakayoumia. Tairi za misumari usiulize, mkazi wa Minnesota haruhusiwi.

Mjomba_BrooklynPark:
Sawa, nimesoma yote. Sikujua kijana amekaa juu ya tairi za kiangazi, hapo nimeshindwa nakubali. Lakini bado nauliza, si anunue tu Corolla ya zamani ya dola elfu mbili, hiyo nyekundu aifunike mpaka April?

MbeyaBoy612:
Mjomba shikamoo, nililiwaza hilo. Nina parking moja tu, gari ya pili italala barabarani, na hapa jiji likitangaza dharura ya theluji usiku wa kwanza kuanzia saa 3 hupaki upande wowote wa zile barabara kuu walizoweka alama, ukisahau wanaivuta na unaanza kuitafuta huku unalipa. Mimi usiku niko kazini nani ataihamisha? Na bima mbili. Na huyo Corolla wa elfu mbili naye atakuwa na tairi vipara tutarudi hapahapa kuulizana.

Mjomba_BrooklynPark:
😂 Hiyo ya vipara ni kweli kabisa. Ya kwangu yenyewe nikaangalie.

kipupwe_YYC:
Jina la tairi usiumize kichwa sana, Blizzak, Michelin X-Ice, Nokian Hakkapeliitta, zote zitakuvusha. Hao Nokian ni Wafini, wanatengeneza tairi za winta tangu miaka ya 1930 kwa hiyo baridi wanaijua. Ila usinunue tairi la theluji la mtumba lililozeeka hata kama kashata zake zinaonekana nene, mpira ukishakauka umenunua sanamu ya tairi.

Kingine ambacho watu hawasemi, tairi haliinui gari. Hiyo 86 tumbo lake liko kama sentimita 13 kutoka chini, theluji ikilala 20 hata ufunge tairi za malaika gari itakalia tumbo magurudumu yanazunguka hewani. Siku hiyo omba ruhusa kazini.

MbeyaBoy612:
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa, tumeshaingia Desemba.

Nilifuata maneno ya Bonge. Rimu nne za Impreza inchi 16 nimezipata kwa dola 180, moja ina mkwaruzo, nikajaribu kwenye kalipa kama alivyosema zikapita. Blizzak mpya nne, kufunga na balansi, jumla yote imefika 760 na kidogo. Mabati yamesogea mpaka Februari, fundi wa Uyole amenuna lakini atapona.

Theluji ya kwanza nilienda parking ya kanisa Jumapili jioni watu wameshaondoka, nikajaribu breki makusudi kama spidi 20. Mwanzo ABS (ule mfumo unaozuia tairi zisifunge) ilivyonguruma nikadhani nimeua gari. Ila inasimama. Inasimama jamani! Mkia unachezacheza ukikanyaga mafuta kwenye kona lakini anaonya kwanza, si ghafla. Nikabaki pale dakika 40 nazunguka kama mtoto mpaka mlinzi akaja kuniuliza nina shida gani.

Kipupwe na wewe ulisema kweli. Wiki iliyopita lori la theluji lilipita likaacha tuta mbele ya geti letu, nikajifanya nalipasua, nikakalia tumbo. Jirani Msomali akatoka na koleo anacheka, akanisukuma, akaniambia ninunue RAV4.

Sasa swali jingine wadau. Zile tairi za kiangazi na rimu zake ziko ndani, nakaa apatimenti chumba kimoja na sebule, baraza wamekataa kuweka vitu. Nimezipanga nyuma ya kochi, mke wangu kazifunika khanga kaweka na maua juu eti ni meza. Mama mkwe anakuja Krismasi na atalala hapo sebuleni. Zinatoa harufu ya mpira. Nifanyeje?

Bonge_Fundi_StPaul:
Zikiwa kwenye rimu hazina shida kulala moja juu ya nyingine. Zioshe kwa sabuni, zikauke, kila moja kwenye mfuko mkubwa mweusi wa taka, toa hewa funga na gundi, harufu itaisha. Halafu wauzaji wengine wa tairi wanatunza kwa malipo kidogo kwa msimu, pigia simu.

DogoWaTemeke:
Mama mkwe akiuliza mwambie ni posa 😂

Dada_Munich:
Dogo!!