MJADALA: Kinyama kinachobaki maabara baada ya kupimwa saratani, nani aamue kiende wapi?

Mwangaluka wana Kanda ya Ziwa. Naleta hoja, msinirukie kabla hamjamaliza kusoma.

Mtu akikatwa kinyama ili apimwe saratani, kazi ya kile kinyama haiishii kwenye majibu. Kinawekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kinagandishwa ndani ya nta, kisha mtu wa maabara anakichana vipande vyembamba kuliko unywele na kuviangalia kwa hadubini. Wewe unachukua majibu, unaanza dawa. Kibonge cha nta kinabaki kabatini na kinaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Benki za sampuli zinaenda mbali zaidi: nyama mbichi na damu zinahifadhiwa kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, au kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtafiti akiomba, anagawiwa, pamoja na taarifa zako: umri, dawa ulizotumia, uliishi muda gani baada ya hapo. Bila taarifa hizo, sampuli haimfikishi mbali.

Msimamo wangu: wagawe, hata nje ya nchi. Ila wasiombe ridhaa usiku wa kuamkia upasuaji.

Nilimsindikiza ndugu yangu hospitali fulani. Aliletewa karatasi mbili zimebanwa kwa pini moja, ya upasuaji na ya utafiti, kalamu juu yake. Alisaini zote bila kusoma, huku kitanda cha magurudumu kinamsubiri mlangoni. Mtu mwenye hofu ile angesaini hata hati ya kuuza shamba. Waje baada ya majibu, wakae naye pamoja na ndugu, waeleze kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kama ndicho anachokielewa.

Na msiniambie kupeleka sampuli nje ni wizi mtupu. Desemba 1963, huko Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, kinyama cha uvimbe wa mtoto wa kike wa miaka 9 kilipandishwa ndege kwenda London. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester, mzigo ukachelewa, ukafika na maji yaliyochafuka kama yameoza. Mtafiti wa huko London, Epstein, akaweka tone kwenye hadubini, akakuta seli za saratani zinaelea, ziko hai. Akazikuza. Mwaka 1964 yeye na wenzake Barr na Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za saratani hiyo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ndiyo saratani ya Burkitt, inayovimbisha mataya ya watoto kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu.

Kirusi kikapewa majina ya Epstein na Barr, na seli zikaitwa EB1, herufi za wale wale wawili. (Achong, mtu wa Trinidad, aliachwa nje, kumbe hata huko kuna wanyonge.) Mtoto amebaki "mgonjwa wa miaka 9".

Sasa semeni: sampuli zetu zikitoka, tudai nini?

MAMA WA KIRUMBA: Mimi nimeugua saratani ya shingo ya kizazi, nikatibiwa Bugando. Wangeniomba kinyama ningewapa siku hiyo hiyo, na nisingewadai hata mia. Nyie wazima ndio mna muda wa vikao.

MTU WA MAGU: Pole sana mama, lakini Henrietta Lacks wa Marekani alikuwa na ugonjwa huohuo. Mwaka 1951 seli zake zilichukuliwa bila ridhaa, zikaenea maabara za dunia nzima. Familia ilikuja kujua baada ya miaka zaidi ya 20, na kampuni mojawapo iliyouza bidhaa za seli hizo ilikubaliana nao 2023. Tudai hela mapema, kwa maandishi.

MTAALAMU WA MAABARA, NYEGEZI: Mkuu, sampuli haitoki Tanzania kienyeji. Panatakiwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuhusu hela, sampuli yako peke yake haizai dawa, wanalinganisha mamia au maelfu. Mimi ningedai mashine na mafunzo, kijana wa Mwanza asome sampuli hizo hapahapa. Na jenereta, maana umeme ukikatika, jokofu halina huruma.

MLETA HOJA: Mtaalamu, kibali kinambana mtafiti. Karatasi ya kitandani bado inabanwa pini ileile. Mama wa Kirumba, shikamoo. Ungetoa, na hakuna wa kukuzuia, lakini mwenye kusema hapana naye atibiwe bila kununiwa. Na mtu akibadili mawazo baadaye je?

MTAALAMU WA MAABARA, NYEGEZI: Kilichobaki kinaweza kuteketezwa. Majibu yaliyokwisha kutumika kwenye utafiti hayarudi, na hilo aelezwe kabla ya kusaini.

MTU WA MAGU: Na akifariki? Aamue mke au ukoo?

MAMA WA KIRUMBA: Aandike mwenyewe angali hai. Ukiwaachia ukoo, kikao cha kwanza watauliza bei.