Sailensa kwa bunduki ya kuwinda, inazima mlio kweli?

Mtu_wa_Rongai:
Wasee nisaidieni. Shemeji yangu anaishi New Zealand na huko kuwinda kulungu ni kitu ya kawaida tu, sasa amenunua bunduki ya .308 (hiyo ni saizi ya risasi) anataka kuifunga sailensa. Naenda kumtembelea mwezi wa nne. Inazima mlio kabisa kama kwa muvi? Na inaingia aje, mtu anaiskuru tu mbele? Halafu ako na sailensa nyingine ya zamani amesema anaeza nipea, nikikuja nayo JKIA kuna noma?

Leithi_Kariobangi:
Muvi zimewadanganya sana. Bunduki iko na kelele mbili. Moja ni gesi inafumuka ikitoka mdomo wa mtutu, hiyo ndiyo sailensa inashika, inaipitisha kwa vyumba vyumba ndani ipoe na ipungue nguvu, kazi ni ile ile ya sailensa ya gari. Ya pili ni risasi yenyewe kupasua hewa, ya .308 inatoka na mita 800 hivi kwa sekunde na sauti inatembea kama 340, hiyo hakuna chuma itanyamazisha. Bila sailensa mlio unapita desibeli 160, sailensa inatoa 20 mpaka 35. Bado ni kelele, lakini masikio yanashukuru, na yeye bado avae vizibo.

Kuhusu kuskuru, kama mtutu hauna tredi, ile mistari ya kuskuru, apeleke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, asijaribu kwa karakana ya jamaa yake. Tredi inafaa kufuata tundu la ndani, si ngozi ya nje ya mtutu, na hivi viwili havikuwangi sawa kila mara. Ikienda mshazari hata kidogo risasi inagonga visahani vya ndani na hapo umeharibu sailensa na pengine uso wa mtu. Pia aulize saizi ya tredi, kuna 14x1, kuna 1/2x28, kuna 5/8x24. Ikikataa kuingia usilazimishe.

Wakili_wa_Mtaa:
Hiyo ya JKIA sahau kabisa buda. Cap 114, ile sheria ya bunduki ya Kenya, inahesabu kifaa cha kupunguza mlio kama silaha, sasa bila karatasi za Firearms Licensing Board, bodi ya leseni za bunduki, utaeleza nini pale kastamu? Na ungefanyia nini, uwindaji hapa ulipigwa marufuku 1977.

Mtu_wa_Rongai:
😂 sawa mkubwa nimeskia, ibaki huko. Na shabaha haiharibiki?

Mama_Reinji:
Inahama, maana umeongeza uzito mbele ya mtutu. Akishafunga aende akapige zero upya, yaani arekebishe shabaha, kabla ya kuingia msituni, na asiwinde siku moja ameifunga siku nyingine ameitoa, juu risasi zitakuwa zinaangukia pahali tofauti. Teke la begani nalo linapungua, hiyo ataipenda. Jioni aifungue ikauke kando, akiiacha kwa mtutu ule unyevu wa ndani unaleta kutu haraka sana.