Fundi umeme wa mtaani, darasa la saba: nianze na mtihani wa QT au niende chuo cha ufundi VETA?

FundiChamazi: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi umeme huku Chamazi, kazi nimefundishwa na mjomba saiti kwa saiti. Wayaringi za nyumba nimepiga nyingi, Mbande mpaka Kisewe. Tatizo karatasi. Mteja akitaka kuunganishiwa na TANESCO, mchoro lazima ugongwe muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Kazi nafanya mimi, mwenye muhuri anakuja kuchukua chake, tena wengine hata nyumba hawaioni! Juzi kati nimekosa kazi ya ghorofa kisa cheti. Dada anasema nisome elimu ya watu wazima, nifanye QT, halafu kidato cha nne, ndiyo niende VETA. Nina watoto wanne na umri umesogea. Naombeni ushauri.

Babu_Temeke: Msikilize dada. Elimu haina mzee.

SeremalaKeko: Babu, kwa nini azunguke kote huko? Mkuu, nenda VETA Chang'ombe uulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hawakuanzishi sifuri. Wanakupima kwa vitendo na kukuhoji, wanaona wapi unapwaya, unapigwa msasa hapo tu, kisha cheti. Mimi useremala niliupatia cheti hivyo. Na fuatilia matangazo ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi, awamu zikitoka serikali ndiyo inalipia.

kijana_wa_buza: Wenye mihuri wakiuona uzi huu watauripoti 😂

MamaVitenge: Msiidharau QT jamani. Ni masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu unajisajili baraza la mitihani, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Nilisoma jioni huku nauza vitenge Kariakoo. Lakini kaka yangu, wewe una njaa ya leo. Anza na cheti cha ufundi, QT ifuate ukitulia, maana maelezo ya vifaa vingi ni Kiingereza kitupu.

SeremalaKeko: Hapo sawa dada.

Saketi_Breka: Nyongeza. Cheti cha VETA peke yake hakigongi muhuri. Leseni unaiomba EWURA, na ina madaraja. Mafundi wa majumbani hawapewi daraja la wakandarasi wakubwa. Na jiandae na maswali ya nadharia, hasa athi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Mafundi wa mtaani wengi wanachimbia chuma kifupi, wanafukia, hawapimi. Hapo ndipo utakapobanwa.

FundiChamazi: @Saketi_Breka umenigusa, kipimo cha athi nakiona kwa wenzangu tu. @SeremalaKeko, huko Chang'ombe niende na nini mkononi?

SeremalaKeko: Kitambulisho cha NIDA, cheti cha darasa la saba, na picha za kazi zako kwenye simu. Nenda asubuhi, uliza mapokezi. Na wateja wako wa zamani waombe wakuandikie barua.

MamaVitenge: Na dada yako mwambie hujagoma shule, umebadilisha mlango tu.